Shujaa wangu ana miaka 11 na anaishi Mbagala. Namtoaje nyumbani bila kumuua mama yake?

fundi_wa_kibarazani:

Wakuu, habari za jioni. Najua humu wengi mnaandika mapenzi na upelelezi, yangu ni ya watoto, mnivumilie.

Mimi ni fundi cherehani, nipo Mbagala. Kazi yangu kubwa ni sare za shule, kwa hiyo Desemba na Januari silali, halafu ikifika Machi nabaki natazamana na mashine. Mwaka huu katika kutazamana huko nimejikuta naandika. Ilianza siku umeme umekatika, mashine ya ovaloku imelala, watoto wa mtaa wamejaa kibarazani wanagombania vipande vya tetroni. Nikawaambia kaeni chini, hadithi hadithi! Wakaitikia: hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea. Tangu siku hiyo sijaachwa kupumua. Sasa nina kauntabuku moja na nusu, sura sita.

Kisa chenyewe: Chausiku ana miaka 11, yuko darasa la tano, anaishi na mama yake na bibi yake mzaa mama. Bibi ni Mzaramo wa Kisarawe, mwimbaji, ngoma ikichezwa asipokuwepo watu wanarudi nyumbani mapema. Asubuhi moja anafungua mdomo apige bismillahi anywe chai, hakitoki kitu. Sauti kaichukua kunguru. (Mnaoishi Dar mnawajua hawa wetu wenye shingo ya kijivu. Akikosa dagaa anabeba sabuni. Mimi kanichukulia bobini mbili kwa macho yangu nikiona, ndiyo maana sikupata tabu kuamini kwamba siku moja atabeba na sauti ya mtu.) Kunguru sauti hawaili. Wanaipeleka kuiuza kwa popo wa mapango ya Pugu, maana popo wanaona kwa sauti, na mwenye sauti nyingi ndiye mwenye macho mengi. Chausiku anatakiwa aifuate mpaka pangoni airudishe.

Sasa tatizo. Toleo la kwanza, Chausiku aliamka usiku, akajitanda kanga, akaondoka. Nikawasomea. Sikumaliza ukurasa. Kuna kijana wa jirani, ana miaka tisa, anazungusha mihogo ya mama yake kwenye sinia, akasema, "Hafiki huyo. Hapo dukani tu ataulizwa." Mwingine akasema bodaboda wa kijiweni wanamjua mama yake. Mwingine akaleta habari za ulinzi shirikishi. Wakaanza kuhesabu kwa vidole, kutoka mlangoni kwetu mpaka stendi ya Rangi Tatu: watu kumi na wanne wa kumrudisha nyumbani, na wawili wa kumchapa kwanza ndipo wamrudishe. Na ni kweli. Mtoto wa huku hatembei hatua mia bila "we mtoto wa nani, unaenda wapi saa hizi?"

Toleo la pili nikamuua mama. Mafuriko, sura ya kwanza, mistari minne, kwisha. Binti yangu wa kumzaa hakulia. Alisimama, akanichukulia kauntabuku mkononi, akasoma mwenyewe ile mistari minne, akaniuliza, "Huyu mama alikuwa fundi?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Kwa nini asingekuwa mwalimu?" Akaingia ndani. Siku mbili nilikuwa naitikiwa "abee" tu.

Toleo la tatu mama kalala usingizi wa dawa. Wakasema mama mjinga.

Nisaidieni. Namtoaje huyu mtoto kutoka Mbagala mpaka Pugu, mama akiwa hai na akili zake timamu?

kijana_wa_sinza:

Mtoa mada unajichosha. Yatima ndiyo dawa, dunia nzima wanafanya hivyo. Hutaki yatima, weka mlango wa siri nyuma ya kabati, anaingia Mbagala anatokea Pugu. Sura moja tu umemaliza.

fundi_wa_kibarazani:

Asante mdogo wangu. Kabati ninalo. Nyuma yake ni chumba cha mpangaji, Msukuma mmoja mpole anafanya kazi usiku. Akitokea huko atamwamsha bure.

konda_mstaafu:

Dada fundi, mimi sijui habari za vitabu ila barabara naijua. Nimefanya ukonda miaka kumi na moja, sasa hivi nina bajaji yangu. Nikupe siri moja ya Dar es Salaam: mtoto aliyevaa sare haonekani.

Naongea kweli. Mtoto akivaa gauni la nyumbani akasimama kituoni peke yake, kila mama atamuuliza. Mvalishe shati jeupe na sketi ya bluu, begi mgongoni, anapita katikati ya Kariakoo hakuna atakayegeuza shingo. Anaenda shule au anatoka shule. Na shule zetu za huku zimejaa, zina awamu mbili, kuna wanaoingia asubuhi na wanaoingia mchana, kwa hiyo saa yoyote ya mchana sare ni halali. Mimi mwenyewe nilikuwa siwaoni. Nilikuwa najifanya siwaoni, tuseme ukweli. Mwanafunzi analipa mia mbili, mtu mzima analipa kamili, na bosi anataka hesabu yake jioni. Nimewaacha wengi vituoni na begi zao. Siku hizi nikiwaona kwenye mvua najisikia vibaya, hayo tuyaache.

Njia ni hii: Rangi Tatu apande gari la Simu 2000, linakwenda na barabara ya Kilwa halafu linashika Mandela. Ashuke Tazara. Apite chini ya lile daraja la Mfugale, avuke upande wa pili, hapo apande la Chanika, si la Gongo la Mboto, maana la Gongo la Mboto litamwishia njiani. Ashuke Pugu Kajiungeni, njia panda ya Chanika na Kisarawe. Mia mbili mara mbili, mia nne. Tazara ndipo pagumu. Saa nane mchana pale konda atamwambia "mwanafunzi subiri la nyuma", na la nyuma litamwambia hivyo hivyo.

Wewe ni fundi wa sare, dada. Hiyo ndiyo dawa yako ya kutoonekana, unaishona mwenyewe kila siku.

fundi_wa_kibarazani:

Kaka, nimeacha mkasi nikasoma mara mbili. Nimeshona mamia ya sketi za marinda na haikunijia hata siku moja kwamba nashona vazi la kutoonekana.

Lakini bado mama. Sare itampitisha kwa wa barabarani. Mama yake ataona hajarudi.

mwalimu_wa_kisarawe:

Mwanangu fundi, mimi ni mwalimu mstaafu, nyumba yangu iko njia ya Kisarawe na nina wajukuu wanaonisomea simu hii. Nimecheka sana kwa hao watoto wako waliohesabu watu kumi na wanne. Wamehesabu sawasawa.

Ila mmesahau jambo moja nyote. Ukimuuliza mtoto wa kwetu "unaenda wapi?", yuko anayejibu jibu moja akaachwa apite hata iwe magharibi: "Nimetumwa." Mtoto wa Kiswahili hatoroki akaenda safari, mtoto wa Kiswahili hutumwa. Anatumwa chumvi, anatumwa kibiriti, anatumwa kwa shangazi kupeleka sahani yenye kawa juu na asiifunue. Mimi nilitumwa kutoka Maneromango mpaka Kisarawe nina umri huo huo, na barua mkononi ambayo sikujua ilichosema. Njia nzima nilipita nikisema nimetumwa, na njia nzima nikasaidiwa. Wengine walinipa na muwa.

Basi mama yake asife, asilale, asidanganywe. Amtume.

Pili, nikurudishe kwenye ngano zetu. Unaijua ya Nunda mla watu? Ilisimuliwa Unguja, Edward Steere akaiandika akaichapa mwaka 1870, lakini bibi zetu hawakumsubiri yeye. Mtoto wa sultani anatoka kumtafuta Nunda. Kila akiua mnyama anamkokota mpaka nyumbani, anaimba kwa furaha kwamba amemuua Nunda, na mama yake anamwitikia kwa wimbo kwamba mwanangu, siye. Anatoka tena. Analeta mkubwa zaidi. Siye. Umeona? Shujaa yule harandirandi duniani miaka saba. Anakwenda na kurudi, na mama ndiye anayejua kilicho sahihi. Bila mama asingejua kwamba kazi haijaisha. Watoto wako wanalitaka hilo, wanataka mama awepo aseme "siye".

Tatu, la popo, maana nilikuwa nawapeleka wanafunzi kule. Yale mapango si ya Mungu, ni mashimo ya watu waliokuwa wakichimba kaolini, ule udongo mweupe. Popo waliomo ni wadogo, wala wadudu, na hao kweli wanaona kwa sauti. Usiwachanganye na wale wakubwa wa kwenye miembe, wale macho yao ni makubwa na wanayatumia. Jua likizama wanatoka wote kwa pamoja, kama moshi wa tanuru la mkaa, na ukisimama mlangoni upepo wa mbawa zao unausikia usoni. Harufu sitakuelezea, utaijua ukifika.

fundi_wa_kibarazani:

Shikamoo mwalimu. Sina la kusema. "Nimetumwa." Neno nimeliishi tangu nina miaka minne na sikuliona.

Kwa hiyo iwe hivi. Mama Chausiku ni fundi (binti yangu ameruhusu, mradi asife). Ana mteja Kajiungeni, mama mdogo wake Chausiku, watoto wake wanne wanataka sare kabla ya shule kesho. Mama hawezi kuacha mashine, ana foleni mpaka mlangoni. Anafunga sare kwenye kanga, anampa Chausiku mia nne, anamwambia upeleke, usichezecheze, adhana ya magharibi ikukute hapa. Hajui kama bibi kishamwonyesha Chausiku kwa mikono upande alikoelekea kunguru. Au anajua, bado sijaamua.

Sasa mwalimu uliposema popo wanatoka jua likizama, nimeshika kichwa. Magharibi! Popo wanafungua midomo magharibi, na Chausiku anatakiwa awe nyumbani magharibi. Sikupanga. Imekaa yenyewe.

mwalimu_wa_kisarawe:

Marahaba mwanangu. Haikukaa yenyewe, giza huku ndivyo linavyoingia.

Nyongeza ndogo, ukipenda. Mtoto akisafiri peke yake kurasa nyingi anakosa wa kusema naye, na wewe utalazimika kuandika "akawaza, akawaza". Bibi yake ni Mzaramo. Mpe mwanahiti wa bibi. Ni kile kisanamu cha mti tulichokuwa tukipewa wasichana tulipowekwa ndani kwa uwali, unakipaka mafuta, unakitunza kama mwana. Hana mikono, hana miguu, kiwiliwili kama mchi, kichwani ana vishungi viwili. Mambo ya unyago usiyaingize, ni kitabu cha watoto. Kisanamu peke yake kinatosha.

fundi_wa_kibarazani:

Hana mikono, hana miguu, lazima abebwe. Basi kazi yake itakuwa kutoa maoni. Namjua mtu wa namna hiyo, ni wifi yangu.

baba_wawili:

Nimesoma yote na niseme ninachokiona, msinielewe vibaya. Nina mabinti wawili, mmoja tisa mmoja kumi na mbili. Kitabu kinachomfundisha mtoto wa kike kupanda gari mbili peke yake mpaka msituni, halafu aingie kwenye shimo la mgodi jua likizama, mimi nyumbani kwangu hakiingii. Jiji hili si lile la mwalimu na muwa wake. Mtoto akichelewa kurudi nusu saa mimi nishapiga simu kumi. Na huyu kaka konda anafundisha kwamba ukivaa sare huonekani! Hilo neno akilisikia mtu mbaya je?

konda_mstaafu:

Baba wawili nakuheshimu, ila niulize: wa kwako wanafuatwa na lile gari la shule la njano mlangoni? Maana wa Mbagala wanapanda gari mbili leo, kesho na keshokutwa, bila kitabu. Hakuna aliyewafundisha. Dada fundi haanzishi kitu.

baba_wawili:

Gari la njano tulilikatisha mwaka jana, hela. Wanapanda daladala. Ndiyo maana napiga simu kumi.

fundi_wa_kibarazani:

Baba wawili, usiondoke. Nimelala nalo neno lako na nimeamka nalo.

Una haki kwenye shimo. Nimelibadilisha, haingii ndani. Anasimama mlangoni, na popo ndio wanaotoka kumfuata, maana yeye ndiye mwenye kitu wanachokitaka. (Anacho, msiniulize, ni sura ya tisa.) Na lile neno la kutoonekana nimelipa masharti: sare inamficha kwa kunguru tu. Kwa watu wazima wema haimfichi. Mama muuza maji pale Tazara anamwona, anamuuliza, na Chausiku anajibu ukweli. Nimejiwekea sheria, kuanzia Mbagala mpaka Kajiungeni Chausiku hasemi uongo hata mara moja. Ametumwa kweli, mzigo anao kweli, na jina la mama yake analitaja kila anapoulizwa. Wale kumi na wanne nimewarudisha wote kwenye hadithi. Walikuwa ukuta, sasa ni ngazi. Mwenye duka anamwambia kapite upande wa kivuli. Bodaboda anamwambia mama yako nilimwona, kasema uende mbio.

Lakini safari siwezi kuiondoa. Mimi nililelewa kwa kuambiwa mtoto wa kike akae ndani, na nikakaa, na hadithi zote nilizosimuliwa waliotoka walikuwa wana wa kiume wa masultani. Wasichana walikuwa wanangojwa waolewe au waliwe na zimwi. Nataka mmoja atoke, arudi, na akute mama yake yupo.

mhariri_wa_usiku:

Kwa haraka, maana nipo kazini. Wasomaji wa miaka minane hadi kumi na miwili wanasoma sura fupi: ikizidi muda wa kulala, mzazi anaacha kusoma na kitabu kinakufa. Ya kwako pima kwa kibaraza, wakianza kurushiana vitambaa umezidisha. Lugha iache hivi hivi unavyoandika hapa, usije ukaivalisha suti. Na kabla hujaenda kwa mchapishaji yeyote, nenda Maktaba Kuu pale barabara ya Bibi Titi Mohamed, chumba cha watoto, ushike vitabu vya Kiswahili vya umri huo uone ni vingapi msichana anafanya kazi yoyote zaidi ya kuokolewa. Utarudi na hasira, na hasira itakusaidia.

fundi_wa_kibarazani:

Nimekwenda maktaba Jumamosi, nimerudi na hasira na mafua.

kijana_wa_sinza:

Nasubiri sura mpya hapa nimeweka kambi. Kabati nimelifuta.

fundi_wa_kibarazani:

Wakuu, marejesho. Jana jioni nimewasomea sura tatu mpya. Walikuwa kumi na saba, wengine sijui hata wametoka mtaa gani. Mmoja kaja na mdogo wake mgongoni.

Kuanzia "nimetumwa" hakuna aliyepinga. Chausiku alipoulizwa dukani, kabla sijasoma jibu, wale watoto wakajibu wao, wote pamoja: "Nimetumwa!" Nikaona nisubiri. Kila alipoulizwa walijibu wao. Mpaka Tazara nilikuwa sina kazi.

Ya Nunda nimeitumia hivi. Chausiku analeta sauti ya kwanza nyumbani kwenye chupa ya maji ya kunywa, kamnyang'anya kunguru juu ya bati la mama mdogo. Bibi anainywa. Anafungua mdomo, na inatoka: "Tazara Buguruni Ubungo Simu, twende, twende, wa mwisho huyo, mama sogea nyuma!" Kaka konda, ni sauti yako. Nimekukopa bila kukuuliza. Watoto walilala chini kwa kucheka, na yule wa mihogo hadi leo asubuhi alikuwa anapita na sinia anaita "mihogo wa mwisho huyo, sogea nyuma". Mama Chausiku akatikisa kichwa, akasema, "Mwanangu, siyo hii." Akamfungia tena mzigo, maana shati moja lilikuwa halina vifungo. Sauti ya pili ilikuwa ya mbuzi wa mnada wa Pugu. Hiyo bibi aliikataa mwenyewe.

konda_mstaafu:

Dada umenifanya nimecheka peke yangu kwenye foleni ya Uhasibu, abiria kadhani nimechanganyikiwa. Sauti chukua, mimi nishastaafu. Ila naomba kitu kimoja. Yule konda wa Tazara anayemwambia asubiri la nyuma, muache aseme hivyo, ndivyo tulivyo. Halafu gari likishaondoka mita kumi, asimame apige bati, amwite. Asieleze kwa nini. Apige bati tu mara mbili.

fundi_wa_kibarazani:

Nimeandika. Mara mbili.

Sasa nimalizie, kuna kitu kimetokea usiku. Nilikuwa nimeshafunga kauntabuku, watoto wameondoka, napiga upindo wa mwisho wa sketi ya mteja. Binti yangu kakaa kwenye kigoda, anapanga vifungo kwenye kopo. Akauliza, "Alipewa mia nne?" Nikasema ndiyo. "Gari la kwanza mia mbili, la pili mia mbili." Ndiyo. "Sasa nauli ya kurudi?"

Wakuu, kauntabuku moja na nusu, mwalimu mstaafu, mhariri, konda wa miaka kumi na moja, na hakuna mmoja wetu aliyemhesabia mtoto nauli ya kurudi.

Nilikuwa na ile sketi mkononi. Nikamwambia, sarafu za mia mbili zenye Mzee Karume, mama yake alishazishona mbili ndani ya upindo wa sketi ya Chausiku. Uzi mweupe juu ya bluu, ili akizihitaji aone pa kufumua. Nilisema tu kwa sababu upindo ndio ulikuwa mbele yangu.

Akanyamaza, anatia vifungo kopo, kimoja kimoja. Halafu akasema, "Alizishona lini?"

Nikasema usiku wa kabla.

"Kabla kunguru hajachukua sauti?"

Nikahesabu kichwani. Kunguru kaja asubuhi. Ndiyo, kabla.

"Kwa hiyo mama yake alikuwa anajua."

Sijamjibu. Nimemwambia akalale, kesho shule. Sketi ya mteja nimeifumua upindo wote, nilikuwa nimeshona na uzi mweupe.